Maswali ya Wasomaji: Programu za Kuchorea Grafu za Logarithi

Barua tatu za mwezi huu, zote kutoka Mombasa, zinahusu jambo moja: namna ya kuchora data kwenye skeli ya logarithi, yaani ile ambayo hatua zake huzidisha (1, 10, 100) badala ya kujumlisha, kwa kompyuta ya kawaida. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya zile mbili nyingine yanaiegemea.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya bahari, na kwa ajili ya tasnifu yangu ninapima urefu na uzito wa tafi wanaovuliwa kwa malema na kuletwa ufuoni Nyali. Msimamizi wangu anataka grafu ambayo mihimili yake yote miwili ni ya logarithi. Nimejaribu kwa programu ya lahajedwali, nikaona kwamba mhimili wa wima unakubali lakini wa mlalo haunipi nafasi hiyo kabisa. Mwenzangu ananiambia kwamba sina njia ila kununua programu ya kisayansi, na bei niliyotajiwa siiwezi. Kompyuta yangu ni ya zamani, na intaneti yangu ni ya bando za simu. Je, iko programu ya bure itakayonifaa?
Mwanafunzi, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kutafuta programu nyingine, nakuomba uirudie hiyo uliyo nayo, kwa sababu kizuizi ulichokutana nacho hakitokani na upungufu wa programu bali na aina ya grafu uliyoichagua. Katika grafu ya mistari ya kawaida, programu huzichukulia namba za safu ya kwanza kuwa majina ya kupangwa moja baada ya jingine kwa nafasi sawa, kama ambavyo ingeyapanga majina ya Makupa, Majengo na Tononoka. Jina halina logarithi, na ndiyo maana kisanduku cha skeli hiyo hakijitokezi kwenye mhimili wa mlalo. Unayoihitaji ni grafu ya nukta, ambayo kwenye orodha ya aina za grafu hutambulishwa kwa herufi X na Y. Humo namba za mlalo husomwa kama namba, na mihimili yote miwili hupata mipangilio ile ile.

Ikiwa huna programu ya lahajedwali yenye leseni, ninayoipendekeza kwanza ni LibreOffice. Ni ya bure, si ya majaribio ya mwezi mmoja, na ukishaipakua haihitaji intaneti tena. Faili lake ni la mamia ya megabaiti, kwa hivyo usilipakue kwa bando yako. Lifuate maktabani au chuoni penye Wi-Fi. Ukishaiweka kwenye kompyuta, andika urefu katika safu A na uzito katika safu B, uziteue safu zote mbili, kisha uingize grafu ya XY yenye nukta pekee. Nasisitiza nukta pekee, kwa kuwa samaki uliyempima wa tano hana uhusiano wowote na wa sita, na mstari unaowaunganisha ungemdanganya msomaji kwamba kuna mfuatano. Grafu ikitokea, ibofye mara mbili ili uingie ndani yake, halafu ubofye mara mbili mhimili wenyewe. Dirisha litakalofunguka lina sehemu ya skeli, na humo mna kisanduku cha logarithi. Fanya hivyo kwa mhimili wa pili. Katika Excel kazi ni hiyo hiyo, ila unaufikia mpangilio kwa kubofya mhimili kwa kitufe cha kulia cha kipanya.

Hapo grafu yako itachorwa, lakini huenda isikupendeze, na sababu yake ni muhimu kuielewa. Skeli ya logarithi hupima uwiano, haipimi tofauti: umbali wa kutoka 1 hadi 10 kwenye mhimili ni sawa na ule wa kutoka 10 hadi 100, na ni sawa pia na ule wa kutoka 100 hadi 1,000. Tuseme tafi wako wana urefu wa kati ya sentimita 8 na 35. Programu ikiachiwa ichague yenyewe, aghalabu itauanza mhimili kwenye 1 na kuumalizia kwenye 100, na nukta zako zote zitasongamana katikati huku pande mbili zikibaki tupu. Kwa hiyo ondoa mpangilio wa kujiendesha na uweke mwanzo na mwisho kwa mkono wako, kwa mfano 5 na 50. Excel za zamani, kabla ya toleo la 2007, hazikukubali mwanzo wowote usiokuwa kipeo cha kumi, kama 1, 10 au 100. Zilizofuata zinakubali, lakini ukianzia 5 alama inayofuata itaandikwa 50, na msomaji atakosa pa kushika baina ya hizo mbili. Kama ndivyo inavyokutokea, washa mistari midogo ya gridi, au utumie programu nitakayoieleza baadaye kidogo, ambayo inakuruhusu kuzitaja alama unazozitaka moja moja.

Sasa tutazame ni nini ambacho msimamizi wako anakitafuta, kwa maana usipokijua utachora grafu nzuri usiyoweza kuitetea. Uzito wa samaki huelezwa kwa kanuni W = aL^b, ambapo W ni uzito, L ni urefu, na a na b ni namba zinazopatikana kwenye data. Samaki akikua bila kubadilisha umbo lake, urefu, upana na unene vyote vikiongezeka kwa kiwango kimoja, b huwa 3. Chukua mfano wa kukokotoa tu, a ikiwa 0.02 na b ikiwa 3: samaki wa sentimita 10 atakuwa na gramu 20, wa sentimita 20 atakuwa na gramu 160, na wa sentimita 30 atakuwa na gramu 540. Kwenye mihimili ya kawaida nukta hizo huunda mchirizi unaopinda kwenda juu, ambao jicho haliwezi kuutofautisha na michirizi mingine kadhaa inayopinda. Kwenye mihimili miwili ya logarithi mchirizi huo hunyooka ukawa mstari, na mteremko wa mstari huo ndio b. Kama tafi wako wakubwa ni wanene kuliko inavyotarajiwa kwa urefu wao, b itazidi 3; kama ni wembamba, itapungua. Vilevile samaki uliyemwandika vibaya, mathalan gramu 61 ukaziandika 6.1, ataonekana mara moja amejitenga na mstari, hata akiwa mdogo kiasi kwamba kwenye grafu ya kawaida angejificha katika lundo la nukta za chini. Mimi naithamini faida hii ya mwisho kuliko zote, kwa sababu makosa ya kuandika hutokea kila mahali panapopimwa samaki kwa haraka kabla mchuuzi hajawachukua.

Usiupime mteremko kwa rula kwenye karatasi iliyochapishwa, isipokuwa kama umehakikisha kwamba hatua ya mara kumi ina urefu ule ule kwenye mihimili yote miwili. Ni salama zaidi kuukokotoa. Fungua safu mbili mpya, utie ndani yake logarithi za urefu na za uzito kwa fomula ya LOG10, kisha utumie fomula za SLOPE na INTERCEPT. SLOPE hukupa b moja kwa moja. INTERCEPT hukupa logarithi ya a, na ili kuipata a yenyewe unainua 10 kwa namba hiyo. Ukitumia LN, yaani logarithi asilia, katika safu zote mbili kisha ukainua 10 badala ya kutumia EXP, b haitabadilika, lakini a itatoka vibaya, na hilo ni kosa linaloweza kupita mbele ya macho mengi kabla ya kuonekana. Kuwa mwangalifu zaidi ukihamia programu nyingine: katika gnuplot, katika lugha ya kuandikia programu ya R na katika maktaba ya NumPy ya lugha ya Python, neno log pekee humaanisha logarithi asilia, na ile ya msingi wa kumi huandikwa log10. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba safu hizo za logarithi ni za kukokotolea. Ukizichora, zichore kwenye mihimili ya kawaida. Ukichora vipimo vyenyewe, tumia mihimili ya logarithi. Anayezichora safu za logarithi kwenye mihimili ya logarithi anaikokotoa mara mbili.

Programu niliyoahidi kuieleza ni gnuplot. Ilianza mwaka 1986 kwa kazi ya Thomas Williams na Colin Kelley, ni ya bure, ni nyepesi sana kwa viwango vya leo, na itakwenda vizuri kwenye kompyuta ambayo programu kubwa zimeishinda. Haitegemei menyu za kubofya. Unaiandikia amri, na hilo huwaogopesha watu bure, kwa sababu amri zenyewe ni chache na ukizihifadhi kwenye faili utazitumia tena kwa changu, kwa pono na kwa samaki mwingine yeyote. Weka data yako katika faili la maandishi matupu, urefu na uzito vikitenganishwa kwa nafasi, samaki mmoja kwa kila mstari, kisha uandike:

set logscale xy
set xrange [5:50]
set xtics (5, 10, 20, 30, 50)
set xlabel "Urefu (sm)"
set ylabel "Uzito (g)"
plot "tafi.txt" using 1:2 with points

Amri ya tatu ndiyo ile ya kuzitaja alama unazozitaka. Ukiwa umehamisha data kutoka lahajedwali na namba zimetenganishwa kwa mkato, tanguliza amri ya set datafile separator ",". Gnuplot inaweza pia kukutafutia a na b kwa amri ya fit, lakini majibu yake hayatalingana kabisa na yale ya SLOPE na INTERCEPT, na hakuna iliyokosea: fit hutazama uzito wenyewe, kwa hiyo samaki wakubwa huivuta kwa nguvu zaidi, ilhali njia ya logarithi huwapa samaki wote sauti inayokaribiana kwa kupima kosa kama uwiano. Andika katika tasnifu yako ni njia gani uliyoitumia.

R na Python nazo ni za bure, na ukikusudia kuendelea na utafiti baada ya shahada hii, nakushauri ujifunze mojawapo. Katika R unaongeza log="xy" ndani ya amri ya plot na kazi imekwisha; katika Python, maktaba ya Matplotlib ina amri ya loglog. Google Sheets inajulikana na wengi, lakini imejengwa kwa kutegemea intaneti, nawe umeniambia hali ya bando zako. Programu za kulipia kama Origin na SigmaPlot ni nzuri kwa maabara zinazochora grafu za namna nyingi kila siku. Kwa grafu moja ya tafi, usikope pesa.

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Nafanya kazi katika maabara ya kupima udongo wa ujenzi, Changamwe. Kwa miaka tumekuwa tukichora matokeo ya chekecheo kwa penseli kwenye karatasi zilizochapishwa skeli ya logarithi, ukubwa wa chembe ukiwa chini na asilimia inayopita ikiwa pembeni. Sasa tumetakiwa kutumia kompyuta. Grafu ya mchanga mmoja inafanana na ile ya karatasi isipokuwa kwenye chekecheo cha milimita 0.425, ambapo mchirizi unapata kigongo ambacho kwenye karatasi hakipo. Namba nimezikagua, ni sahihi. Tatizo ni programu?
Fundi wa maabara, Changamwe

JIBU: Aleikum salaam, bwana. Ulivyofanya, kuichora data ile ile kwa njia mbili na kuzilinganisha, ndivyo inavyopaswa kila maabara inapohama kutoka karatasi kwenda kompyuta, na umekipata kitu ambacho wengi hawakioni.

Umetumia grafu ya mistari, kama mwanafunzi wa Kisauni. Kwako kosa limejificha kwa sababu ya namna machekecheo yalivyopangwa. Tazama ukubwa wake: 0.15, 0.3, 0.6, 1.18, 2.36, 4.75. Kila kimoja ni takriban mara mbili ya kilichokitangulia, na vitu vinavyoongezeka kwa uwiano mmoja hukaa kwa nafasi sawa kwenye skeli ya logarithi. Grafu ya mistari nayo huweka kila kitu kwa nafasi sawa kwa kuwa haisomi namba, na hivyo ikaja kufanana na skeli ya logarithi kwa bahati tu. Chekecheo cha 0.425 kimeingia katikati ya 0.3 na 0.6, na kwenye skeli ya kweli kinakaa karibu kabisa na nusu ya njia baina yao. Programu imekipa hatua nzima. Mchirizi umenyooshwa mahali hapo, na ndicho kigongo unachokiona. Ukitumia chekecheo cha 0.063 utapata tatizo hilo upande wa kushoto pia, kwa sababu uwiano wake na 0.15 si mara mbili kamili.

Chagua grafu ya XY, safari hii yenye nukta zilizounganishwa kwa mistari, kwa kuwa machekecheo yana mfuatano wa kweli. Weka logarithi kwenye mhimili wa mlalo peke yake, na asilimia uziache kwenye skeli ya kawaida ya 0 hadi 100. Katika gnuplot amri ni set logscale x. Jihadhari na kishawishi cha mistari ya kulainishwa ambayo programu za lahajedwali hukupa, kwani huweza kuupandisha mchirizi juu ya asilimia 100 au kuurudisha chini baina ya machekecheo mawili, jambo ambalo kwa udongo haliwezekani. Kama ripoti zako zinafuata desturi ya Marekani, ambapo chembe kubwa aghalabu huwa kushoto, mhimili unaweza kugeuzwa kwenye mipangilio yake. Desturi ya Uingereza huanza na chembe ndogo.

Nadhani mtatumia kompyuta pia kusoma D10 na D60, yaani ukubwa wa chembe ambao asilimia 10 na asilimia 60 za udongo ni ndogo kuliko huo, kwa hivyo naongeza hili. Fundi anayesoma kwa jicho kwenye karatasi ya logarithi anafanya ukadiriaji wa logarithi bila kujua, lakini fomula ya kawaida ya lahajedwali haifanyi hivyo. Chukulia asilimia 6 zinapita 0.15 na asilimia 18 zinapita 0.3. Asilimia 10 ni theluthi moja ya njia. Kwa fomula ya kawaida utapata D10 ya milimita 0.20, kwa logarithi utapata karibu 0.19. D10 ndiyo inayoigawa D60 kupata kigezo cha usawa wa chembe, kwa hiyo tofauti hiyo huingia kwenye ripoti. Kadiria kwa logarithi za ukubwa wa chembe kwanza, kisha ndipo urudi kwenye milimita.

SWALI: Mwalimu, tunapima maji ya visima kwa kuhesabu bakteria wa E. koli katika kila mililita 100. Visima vingine vina maelfu, vingine havina hata mmoja. Kwenye grafu ya logarithi vile visivyo na bakteria vinatoweka. Nimeshauriwa niongeze 1 kwa kila namba. Ni sawa?
Afisa wa afya ya jamii, Likoni

JIBU: Sufuri haina logarithi, kwa hivyo hakuna programu itakayoiweka kwenye mhimili huo. Excel hutoa onyo, gnuplot huziacha nukta hizo bila kusema neno, na msomaji wa ripoti yako hatajua kwamba visima vilivyo salama zaidi ndivyo vilivyoondolewa. Kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka E. koli asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, visima hivyo ndivyo habari kubwa, na kuvipoteza kunawadhulumu wenye visima na wanaovitumia.

Kuongeza 1 kwa kila namba sikupendekezei. Kisima chenye bakteria 1,000 kitakuwa na 1,001, ambayo si kitu, lakini chenye 1 kitakuwa na 2, yaani umekizidishia mara mbili, na upande wa chini wa grafu ndio utakaoharibika zaidi. Matplotlib ina skeli ya symlog, ambayo huwa ya kawaida karibu na sufuri na ya logarithi mbali nayo. Ni halali, ila inataka maelezo marefu kwa wasomaji wasioizoea.

Njia iliyo wazi ni kukumbuka kwamba sufuri yako haimaanishi kuwa kisima hakina bakteria hata mmoja, bali kwamba hakuna aliyeonekana katika mililita 100 ulizozichunguza. Kipimo chako hakioni chini ya 1. Viweke visima hivyo katika safu ya peke yake, uvichore kwenye 1 kwa alama tofauti, kwa mfano pembetatu inayoelekea chini, na uandike chini ya grafu kwamba alama hiyo ina maana ya «chini ya 1 kwa mililita 100», pamoja na idadi ya visima vya aina hiyo, kwa sababu alama zitalaliana na hazitahesabika. Usitumie nguzo badala ya nukta, kwani nguzo husomwa kwa urefu wake kutoka sufuri, na mhimili wa logarithi hauna sufuri ya kuanzia. Urefu wa nguzo utategemea tu mahali ulipoamua kuuanzishia mhimili.